Mtunza Wachezaji wa Skuli: Kazi Yake na Amana Aliyoichukua

Wazazi wengi, wampelekapo mtoto skuli, hutaka kujua nani atakayemsomesha hesabu na nani atakayemsomesha lugha. Ni wachache waulizao: mtoto huyu akianguka uwanjani saa kumi na moja jioni, wakati walimu wamekwisha kwenda zao, nani atakayemwinua? Na nani mwenye haki ya kusema kwamba leo asicheze tena? Huko Marekani skuli nyingi zimelijibu swali hili kwa kuweka mtu wa kazi hiyo khasa. Tumeona yafaa mwezi huu tuwaeleze wasomaji wetu, wazee kwa vijana, khabari za mtu huyu na kazi yake, kwani ndani yake mna mafunzo yasiyojua mipaka ya nchi.

MTU HUYU NI NANI?

Jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, huwa "mfunza wanamichezo", na jina hilo limewapoteza wengi, hata Wamarekani wenyewe. Wako wanaomdhania kuwa ni mwalimu wa timu, na wako wanaomdhania kuwa ni mtu wa kufundisha watu kunyanyua vyuma. Siye huyo wala siye yule. Yeye hakuwekwa ili timu ishinde, bali amewekwa ili vijana wasalimike. Kazi yake ni kuzuia maumivu kabla hayajatokea, kuyatambua yakitokea, kumsaidia aliyeumia mpaka apone, na kuamua ni siku gani arudi mchezoni. Kwa hiyo sisi katika makala haya tutamwita mtunza wachezaji, maana ndivyo alivyo.

Chama cha watu wa kazi hii kiliundwa mwaka 1950 katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Miaka 40 ikapita, na mwaka 1990 Jumuiya ya Madaktari wa Marekani ikaikubali kazi yao kuwa ni tawi miongoni mwa matawi ya kazi za afya. Siku hizi anayetaka kuingia humo hana budi asome chuo kikuu mpaka shahada ya pili, ajifunze mifupa, kano, moyo na ubongo, afanye kazi chini ya macho ya wenye ujuzi, kisha ashinde mtihani wa nchi nzima. Wala hajitawali mwenyewe katika matibabu. Hufanya kazi kwa uongozi wa daktari, ijapokuwa daktari huyo aghlabu hayupo uwanjani. Zaidi ya nusu ya wenye kazi hii leo ni wanawake, jambo ambalo lina faida kubwa kwa wasichana, kama tutakavyoeleza mbele.

SIKU MOJA YA KAZI

Kengele ya mwisho ikilia mchana, wengine hufunga vitabu na kwenda makwao. Yeye ndipo kazi inapompambia moto. Chumba chake kina meza ndefu za kulazia wachezaji, mashine ya barafu, bandeji, magongo, na magango ya kufungia mfupa uliovunjika. Vijana hupanga mstari. Huyu ataka kufungwa plasta kifundoni, yule goti lake lilivimba jana, wa tatu aulizwa amelala saa ngapi na amekula nini. Mtu wa nje atadhani kufunga plasta ndiyo kazi yenyewe. Kumbe katika dakika hizo chache mtunza anawachungua vijana: nani anachechemea ilhali asema hana kitu, nani amekonda ghafla, nani aliyekuwa mcheshi na sasa hafunui kinywa.

Tuchukue mfano wa kifundo cha mguu kilichoteguka, kwani hayo ndiyo maumivu ya michezo yaliyo mashuhuri kuliko yote. Mtu asiyejua huuvuta mguu, akaukanda kwa nguvu, kisha akamwambia kijana akimbie "damu ipate kwenda". Mtunza wachezaji hafanyi hivyo. Kwanza humwuliza jinsi alivyoanguka. Kisha hutazama mguu ulioumia na ule mzima, apate kulinganisha. Hubonyeza kwa kidole mahali maalumu katika mifupa miwili ya kifundo, nyuma ya ncha zake, na humtaka kijana ajaribu kwenda hatua 4. Akiwa mfupa wauma ubonyezwapo, au hatua 4 hazimkiniki, basi hapana kubahatisha: hupelekwa kupigwa picha ya eksirei. Akiwa salama na hayo, mguu hufungwa, huinuliwa, na huwekewa barafu kupunguza maumivu.

Lakini kupoa kwa uvimbe siko kupona. Mguu ulioteguka mara moja ni mwepesi wa kuteguka mara ya pili, kwa sababu kano zimelegea na mwili umesahau kujisimamisha sawasawa. Hivyo mtunza humpa kijana mazoezi ambayo kwa machoni ni ya kitoto: kusimama kwa mguu mmoja, kisha kusimama hivyo macho yamefumbwa, kisha kuruka na kutua, kisha kukimbia na kugeuka ghafla. Siku zinapita, na kijana anaona anapotezewa wakati. Baadaye ndipo afahamu kwamba alikuwa akijengewa msimu mzima ujao.

Vijana wakiisha ondoka, mtunza hukaa akaandika: nani aliumia, wapi, vipi, amefanyiwa nini. Kisha huwapigia simu wazazi. Siku za mechi, na khasa Ijumaa usiku wakati wa futboli ya Kimarekani, hurudi kwake watu wamekwisha lala.

JOTO LINALOUA

Msimu wa futboli ya Kimarekani hutanguliwa na mazoezi ya mwezi wa Agosti, katikati ya joto la kiangazi, na wachezaji huvaa kofia ngumu na mavazi mazito ya kuwakinga mabegani. Mwaka 2001, tarehe 1 Agosti, Korey Stringer, mchezaji wa kulipwa wa timu ya Minnesota Vikings, mtu wa miraba minne, alifariki baada ya kuzidiwa na joto mazoezini. Kifo chake kiliwashtua watu, na mwaka 2010 ikaundwa taasisi yenye jina lake katika Chuo Kikuu cha Connecticut, kazi yake kuchunguza na kufundisha namna ya kuzuia vifo vya ghafla michezoni.

Mafunzo yaliyotoka katika uchunguzi wa mambo haya ni wazi, nayo ndiyo mtunza wachezaji anayoyafuata. La kwanza, mwili wahitaji siku kumi hadi kumi na nne kulizoea joto. Kwa hiyo siku za mwanzo mazoezi huwa mafupi na mavazi mepesi, kwani vifo vingi vya namna hii hutokea katika siku hizo za mwanzo. La pili, kabla ya mazoezi mtunza husimamisha uwanjani chombo kinachopima pamoja joto la hewa, unyevu na ukali wa jua. Kipimo kikipita kiwango, mazoezi hupunguzwa. Kikipita zaidi, huondolewa kabisa, hata kama mechi ni kesho.

La tatu ndilo linalookoa roho. Kijana akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, au kugomba bila sababu katika joto, na joto la ndani la mwili wake limepita digrii 40, hangojewi gari la hospitali. Hapo hapo uwanjani huwekwa hodhi la maji yaliyotiwa barafu. Kijana hutiwa humo mpaka shingoni, ameshikwa chini ya makwapa asizame, na maji hukorogwa yasipate joto la mwili wake. Hutolewa joto likishuka karibu na digrii 39, ndipo apelekwe hospitali. Kanuni yao ni fupi: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Akipozwa ndani ya nusu saa ya kuanguka kwake, kupona ndiyo kawaida. Akicheleweshwa, figo, ini na ubongo huharibika. Twawaomba wasomaji waone kwamba hodhi, maji na barafu si dawa za gharama. Kinachotakiwa ni mtu aliyeviweka tayari kabla ya msiba.

MOYO UKISIMAMA

Tarehe 2 Januari 2023, mjini Cincinnati, mchezaji wa kulipwa Damar Hamlin wa timu ya Buffalo Bills alianguka moyo wake umesimama, mbele ya mamilioni ya watu waliokuwa wakitazama televisheni. Mtunza wachezaji wa timu yake, Denny Kellington, alianza mara moja kumkandamiza kifua, na mashine ya kuushtua moyo ikatumiwa hapo hapo uwanjani. Hamlin akapona, na mwaka huo huo akarudi mchezoni.

Katika mechi ile walikuwako madaktari na wasaidizi wengi. Katika uwanja wa skuli huenda akawa mtu mmoja tu. Na moyo haungoji: kila dakika moja ipitayo bila ya kushtuliwa, tamaa ya kupona hupungua kwa kiasi cha sehemu 7 hadi 10 katika 100. Kwa sababu hiyo mtunza hodari huandika mapema mpango wa dharura wa kila uwanja wa skuli. Mashine iko wapi, na je, mlango wa chumba chake umefungwa? Nani atapiga simu? Nani atabaki na kijana? Nani atasimama barabarani kulielekeza gari? Nani ana ufunguo wa geti? Jambo la ufunguo laweza kuchekesha, lakini gari la wagonjwa linaweza kufika upesi likasimama mbele ya kufuli. Mpango huo husomwa na kufanyiwa mazoezi kila mwaka kabla ya msimu, pamoja na walimu wa timu.

NENO LILILO ZITO KULIKO YOTE

Hayo yote ni makubwa, lakini kwa maoni yetu mzigo ulio mzito kuliko yote katika kazi hii ni neno moja dogo: basi. Mwalimu wa timu ataka kushinda. Watu wamejaa, wanapiga makelele. Baba yumo miongoni mwao. Na kijana mwenyewe, damu yake ya moto, aapa kwamba hana kitu. Katika watu wote hao, mmoja tu ndiye aliyewekwa aseme kwamba huyu hachezi.

Umuhimu wa neno hilo ulionekana mwezi wa Oktoba 2006 katika jimbo la Washington. Kijana wa miaka 13, Zackery Lystedt, mwanafunzi wa skuli ya kati, alijigonga kichwa katika mechi ya futboli. Akapumzishwa kidogo, kisha akarudishwa mchezoni siku ile ile. Mechi ilipokwisha akaanguka, ubongo unavuja damu. Madaktari wakampasua kuokoa maisha yake. Miezi 9 ikapita kabla ya kutamka neno la kwanza, na ulemavu haukumwacha.

Wazee wake hawakukaa wakalia tu. Walisimama pamoja na madaktari na mawakili, na mwezi wa Mei 2009 jimbo la Washington likatoa sheria yenye jina la kijana huyo. Sheria ina nguzo 3. Kila mwaka kabla ya msimu, wazazi na mchezaji waelezwe khatari ya mtikisiko wa ubongo na watie sahihi. Mchezaji akidhaniwa tu kuwa ametikiswa ubongo, atolewe mara moja. Na asirudi mpaka mtu mwenye leseni ya afya, aliyefundishwa mambo hayo, aandike kwa mkono wake kwamba anaruhusiwa. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hii.

Katika skuli nyingi aliye karibu na sheria hiyo kila siku ni mtunza wachezaji. Kabla ya msimu huwapima vijana kumbukumbu, usemi na usawa wa kusimama, apate kitu cha kulinganisha baadaye. Aliyeumia harudi kwa mkupuo. Hupanda ngazi moja moja: kwanza shughuli nyepesi za kila siku, kisha mwendo mwepesi, kisha mbio, kisha mazoezi bila ya kugusana, kisha mazoezi kamili kwa idhini ya mganga, na mwisho mechi. Kila ngazi ni siku moja kwa uchache, na dalili zikirudi hushushwa. Maana yake ni kwamba hata anayepona upesi hukosa mechi ya wiki ile, na hapo ndipo lawama zinapomshukia mtunza.

Ndiyo maana wenye hekima katika kazi hii wanasisitiza kwamba mtunza asiwe chini ya amri ya mwalimu wa timu katika mambo ya afya, wala riziki yake isitegemee timu kushinda au kushindwa. Mtu hawezi kuwa shahidi wa haki huku mshahara wake umo mkononi mwa mwenye kesi.

KIJANA AFICHAYE

Lakini hata mtunza aliye huru hana ilimu ya ghaibu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004, uliofanywa kwa wachezaji wa futboli wa skuli za sekondari huko Wisconsin, ulionyesha kwamba chini ya nusu ya waliotikiswa ubongo ndio waliosema. Wengi wa walionyamaza walidhani si jambo kubwa. Wengine hawakutaka kutolewa mchezoni. Na hapa pana jambo la kufikiriwa: katika waliosema, zaidi ya robo tatu walimwambia mtunza wachezaji. Kijana humwambia mtu anayemwona kila siku, aliyemfunga kifundo chake jana na kumwuliza khabari za mtihani wake. Uaminifu haununuliwi siku ya ajali. Hujengwa siku ambazo hapakuwa na ajali.

WAISLAMU KATIKA UWANJA HUO

Wako pia vijana wa Kiislamu wengi katika timu hizo. Skuli ya Fordson katika mji wa Dearborn, jimbo la Michigan, ilifunguliwa mwaka 1928, na leo wanafunzi wake walio wengi ni Waislamu wenye asili ya Kiarabu. Mwaka 2010 Ramadhani iliangukia Agosti, katika joto lile lile tulilolieleza. Timu ya futboli ikahamisha mazoezi yake: badala ya mchana, wakafanya usiku chini ya taa, baada ya kufuturu, wakati kijana anaweza kunywa maji kila anapohitaji. Filamu ya maisha ya timu hiyo ilitolewa mwaka 2011. Hapa saumu haikuvunjwa wala afya haikutupwa. Kilichobadilishwa ni saa.

Mahali ambapo saa haziwezi kubadilishwa, mtunza mwenye busara hukaa na kijana na wazazi wake kabla ya mwezi kuingia. Hupanga naye kunywa maji kidogo kidogo tangu futari mpaka daku, humpima uzito kabla na baada ya mazoezi ajue maji aliyoyapoteza, na humpunguzia kazi nzito mchana. Ikiwa kijana ameingia katika khatari ya roho, dini yenyewe imemruhusu kufungua na kulipa. Yafaa aisikie rukhsa hiyo nyumbani mapema, kwa kinywa cha baba au mama, si kungoja kuisikia akiwa amelala majanini.

Na kwa wasichana, wazazi wana haki ya kuuliza mapema kama yupo mtunza wa kike, au kama mama au mwanamke mwingine aweza kuwepo binti anapotazamwa. Wala ombi hili halimkeri mtunza aijuaye kazi yake, kwani hata kwa watoto wa watu wengine mwendo mwema ni kutomtibu mwanafunzi peke yake nyuma ya mlango uliofungwa.

UPUNGUFU ULIOPO

Tusije tukapamba zaidi ya haki. Yapata theluthi moja ya skuli za sekondari za Marekani hazina mtunza wachezaji kabisa, na katika zilizo naye, nyingi humpata kwa saa chache tu. Zinazokosa aghlabu ni za mashamba na za mitaa ya maskini. Penye fedha pana mtunza, pasipo fedha pana bahati. Na kichwa cha mtoto wa maskini hakikuumbwa kigumu zaidi. Hata skuli zenye uwezo mara nyingine hununua kwanza taa mpya na ubao mkubwa wa kuhesabia magoli, mtunza akasubiri bajeti ya mwaka ujao.

TUONDOKE NA NINI?

Mzazi asomaye makala haya, awapo popote, aweza kwenda skuli ya mwanawe na kuuliza maswali 4. Mtoto akianguka, nani wa kwanza kumfikia, na amefundishwa nini? Maji na barafu viko wapi? Gari la wagonjwa litapita wapi? Na nani mwenye neno la mwisho la kumtoa mchezoni, ambaye mwalimu wa timu hawezi kulitangua? Penye majibu, ashukuru. Pasipo majibu, maswali yenyewe ni mwanzo wa kuyapata.

Kisha ajitazame nafsi yake. Mtoto aliyetolewa mchezoni humtazama kwanza baba yake. Akiona uso umekunjwa, safari nyingine ataficha. Akiona uso wa kumridhia, safari nyingine atasema.

Nanyi vijana, kusema "kichwa chaniuma" si woga. Woga ni kuogopa maneno ya wenzako kuliko kuogopa kuuharibu mwili uliopewa uutunze. Mechi hurudi kila wiki na vikombe huja kila mwaka, lakini ubongo mtu hupewa mmoja. Anayekwambia leo basi, huenda ndiye anayekuombea siku nyingi za kucheza. Mpe mkono, ukakae kitako, ungojee zamu yako.